Shokapu Ngumu na Vidole vya Nesi Mwaja

Mwezi uliopita binti yangu alikuja kunisalimia akitokea Kibaigwa. Yeye ni dalali wa mahindi, na siku zake nyingi zinaishia juu ya bodaboda, anazunguka vijijini kutazama mzigo kabla haujafika sokoni. Mama yake alikuwa kanisani, kwa hiyo chai nikamimina mwenyewe. Akanyoosha mkono kupokea kikombe, kikamponyoka. Chai yote ikaishia mapajani mwangu, kikombe kikavunjika sakafuni.

"Jamani, baba, samahani! Umeungua?"

"Sijaungua. Una nini?"

"Vidole tu. Nikishuka kwenye pikipiki huwa havisikii, mpaka nivisugue kwanza. Barabara ikiwa mbaya namsaidia kijana wa bodaboda kuendesha, tunapokezana."

Nikatoka nje kumtazama huyo kijana. Mtoto mzuri, ana adabu, shikamoo yake ilinifika kabla sijashuka kibarazani. Nikamwuliza habari za shokapu zake za mbele. Akafurahi kuulizwa. "Ziko fiti, mzee, nimetoka kuziwekea oili juzi tu. Ona!" Akashika usukani kwa mikono miwili, akaukandamiza kwa uzito wake wote. Haukushuka hata kidogo. "Chuma!" akasema, anacheka. Nikamwuliza kazi hiyo kafanyiwa wapi, akanitajia gereji yenu.

Basi ndiyo sababu nawaandikia. Ningekuja mwenyewe, lakini nawajua. Mtaniletea kiti, mtaninunulia soda, mtaongeza sauti ya redio, na nikiondoka mtaendelea vilevile. Sijakasirika, wanangu. Nimechoka tu. Hilo neno "chuma" nimelisikia gerejini tangu nikiwa na meno yote, na nilidhani tulishalizika.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Sefu. Ninyi hamkumkuta. Mtu wa mjini hapa hapa, babu zake walikuja na misafara ya biashara wakaona Dodoma panawatosha, hawakuendelea. Alikuwa mfupi, msafi, kanzu siku ya Ijumaa na ovaroli siku nyingine, na ovaroli yenyewe imepigwa pasi. Mimi Mgogo nimetoka kuchunga ng'ombe upande wa Mtera, nimeingia gerejini kwake sijui hata spana inashikwa upande gani. Alinicheka mpaka akachoka, kisha akanifundisha bila kunificha kitu. Kwa hilo namwombea mpaka leo.

Sifa yake kubwa ilikuwa vidole. Unamletea oili yoyote kwenye kifuniko cha chupa. Anachovya kidole, anafumba macho, anasugua taratibu kwa dole gumba, kisha anakuambia: hii ya injini, mpya; hii ya injini, imeshatembea; hii ya gia boksi ya lori; hii mwenye duka amekuibia, ameichanganya na mafuta ya taa. Mafundi wa malori walikuwa wanatoka huko kwao kuja kumjaribu, wanarudi wameinamisha vichwa. Sikuwahi kumwona amekosea. Mimi nilijifunza kusugua oili miaka na miaka, nikaishia kubahatisha.

Na kuna kitu lazima mkielewe kabla hamjamcheka mzee wa watu. Kipindi kile cha shida dukani hakukuwa na kitu. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na oili ya shokapu haikuwa na foleni kwa sababu haikuwepo kabisa. Pikipiki za mabwana shamba, za wachungaji, za mabwana mifugo, zote zilikuwa zinakufa mbele. Oili ya zamani imegeuka maji machafu, gurudumu likiingia shimoni shokapu inashuka mpaka mwisho, ngo! Mzee Sefu ndiye aliyekaa akafikiri. Akachukua oili ya gia boksi za malori, ile nzito ya kuvutika, akaichuja kwa kipande cha kanga, akaijaza humo. Pikipiki zikasimama. Hazikugonga tena. Watu walisema mzee amefanya muujiza, na kwa wakati ule ulikuwa muujiza kweli.

Hapo ndipo ilipozaliwa ile desturi. Mteja akija kuchukua pikipiki yake haipandi kwanza. Anaikuta uani, anashika usukani, anabonyeza. Ukishuka laini anakunja uso: "Mzee, mbona bado imelegea?" Usiposhuka anacheka, anapiga tangi kofi: "Chuma!" Analipa, anaondoka na furaha yake. Sisi tuliotoka kwenye ng'ombe tumezoea kumpapasa mnyama nundu kabla ya kumnunua, na pikipiki nayo tukaifanya vilevile. Dodoma nzima tulikuwa tunapima shokapu ya kutembelea pikipiki ikiwa imesimama.

Kisha ikaja ruksa. Mkisikia wazee wanasema "ruksa ilipoingia", ni kipindi hicho biashara zilipofunguliwa na maduka yakajaa ghafla, mpaka ukiingia unasahau ulichofuata. Mitumba, redio, mafuta ya nywele, spea za kila aina, nyingine feki tupu. Duka moja karibu na soko likaanza kuuza makopo ya oili ya shokapu hasa. Nyepesi, nyekundu kama juisi ya rozela. Nikanunua kopo kwa hela yangu, nikampelekea mzee mbio mbio.

Akachovya, akafumba macho, akasugua. "Nzuri," akasema. "Nzuri sana. Ya watu wa lami. Hapa kwetu itagonga."

"Lakini mwalimu, kitabu cha pikipiki kinasema ndiyo hii."

"Hicho kitabu kimewahi kupita njia ya Mtera?"

Gereji nzima ikaangua kicheko, na mimi nikacheka, ningefanyaje. Kopo likawekwa juu ya rafu, likakaa huko likila vumbi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo na ninyi mnapokosea. Shokapu ina kazi mbili, kushuka na kurudi. Ndani yake oili inapita kwenye vitundu vidogo. Ikichakaa au ikiwa nyepesi mno inapita ovyo, pikipiki inanesa na kugonga. Ikiwa nzito, haiwahi kupita. Kwenye shimo moja kubwa utaipenda hiyo nzito, maana haigongi. Lakini njia zetu si shimo moja. Ni ile mikunjo ya barabara ya vumbi, kama bati, mmoja haujaisha umefika mwingine. Shokapu inashuka kidogo, haijarudi inapigwa tena, haijarudi inapigwa tena, mwisho inagota huko huko chini na kukaa. Hapo hamna shokapu tena. Kila kinachopiga gurudumu kinapanda moja kwa moja mpaka kwenye viganja vya aliyeshika usukani. Na mteja anayebonyeza uani hawezi kulijua hilo, kwa sababu uani hakuna mikunjo.

Aliyelijua ni Nesi Mwaja.

Huyu alikuwa mkunga wa mradi mmoja wa mama na mtoto. Mwanamke mrefu, hana maneno mengi, ukimchokoza anakujibu neno moja unakaa kimya. Walimpa pikipiki, wakampa na vijiji vya upande wetu. Kliniki yake kule ilikuwa chumba kimoja cha ofisi ya kijiji, kitanda cha kamba na pazia la kanga. Hapo wajawazito walikuwa wanamngoja, maana pengine pa kupimwa palikuwa mbali na gari hakuna. Mmoja wao alikuwa mke wangu, Tabitha. Mimi nafanya kazi mjini, yeye yuko nyumbani kwa mama yangu, ana mimba yetu ya kwanza. Kwa hiyo msidhani haya niliyasikia kwa watu.

Alikuja gerejini asubuhi, akaisimamisha pikipiki, lakini akabaki ameushika usukani kama mtu anayeogopa kuuachia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mdogo wangu Ndahani, shokapu hizi aliweka oili nani?"

"Mzee mwenyewe. Zinavuja?"

"Hazivuji. Naomba uitoe." Akaninyooshea vidole. Vilikuwa vinatetemeka vyenyewe. "Hivi vimekufa."

Nikadhani ni baridi ya asubuhi. Akanisogeza pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini. "Mimi kule sina mashine, Ndahani. Mashine yangu ni hivi vidole. Napapasa tumbo, najua kichwa kiko wapi, matako yako wapi, mgongo umeelekea upande gani. Siku hizi nikifika pale sijui nashika nini. Naomba maji ya moto, naloweka mikono, wanawake wanakaa kwenye benchi wanadhani naringa. Juzi mmoja nilimwambia kichwa kiko chini. Akaondoka. Damu ikarudi mikononi, moyo ukakataa, nikatuma mtu amrudishe njiani. Nikampapasa tena. Yalikuwa matako."

Nikamfikiria Tabitha.

"Si mkeo," akasema. "Zamu ya mkeo ni wiki ijayo."

Nikamwuliza kwa nini asiseme kwenye mradi. "Niseme nini? Wataniweka ofisini nipange mafaili, pikipiki watampa mtu wa kuzungukia mjini. Kule ataenda nani?"

Mzee Sefu akaja anajifuta mikono. Nesi akamwamkia, mzee akaitikia, akashika usukani, akabonyeza. Haukushuka. "Mbona iko vizuri, mwanangu? Chuma hiki."

"Inaniua mikono, mzee."

"Nikiilegeza itagonga, kesho utarudi hapa unanilaumu."

"Mzee," akasema Nesi, kwa upole kabisa, "umepanda pikipiki kwenda mbali lini mara ya mwisho?"

Weee! Spana zilisimama hewani. Kila mtu pale alijua mzee ana goti bovu, na kwamba miaka mingi pikipiki ndizo zinazomfuata, yeye hazifuati. Akajibu kwa ukali, jambo ambalo halikuwa tabia yake. "Pikipiki za mkoa huu mimi ndiye niliyezifufua. Wakati hakuna kitu! Hakuna hata sabuni ya kunawia! Leo mmeona makopo mawili dukani, mmekuwa mafundi?"

"Najua ulizifufua," Nesi akasema. "Ndiyo maana nakuomba wewe, simwombi mwingine. Wiki ijayo nina kliniki. Uniendeshe mpaka kule. Ukishuka ukasema oili ibaki, sitasema tena."

Mzee akatazama chini, akatazama juu, akakubali kwa sababu wateja walikuwa wanasikiliza.

Mtasema, wewe Ndahani si ungemwaga tu hiyo oili kimya kimya? Pikipiki ilikuwa haitoki gereji ile mpaka mzee aibonyeze kwa mkono wake. Angejua papo hapo. Nilimwendea wakati wa chai, nikamwambia, mwalimu, ni mke wangu yule, ni mtoto wangu. Akakoroga chai yake muda mrefu, akasema, "Unataka nimwage kazi yangu yote kwa sababu mwanamke mmoja anawashwa mikono?" Nilimchukia. Nasema wazi, siku ile nilimchukia Mzee Sefu, na katika mji ule hakukuwa na mtu niliyempenda kumzidi. Wiki ile nililala vibaya. Nilikuwa nafumba macho naona mikono inapapasa tumbo la Tabitha, haisikii kitu.

Siku ya kliniki mzee alikuja na koti zito, kofia yake ya mkono ameikunja mfukoni. Akapanda mbele, Nesi nyuma yake. Mimi nikafuata na pikipiki ya gereji, nimefunga mfuko wa spana na sanduku la Nesi. Kopo lile jekundu nililishusha rafuni, nikalitia kwenye mfuko wa spana bila kumwambia mtu, Nesi pekee ndiye aliyeniona.

Mwanzoni aliendesha vizuri, kifua mbele, mpaka nikaona fahari. Tulipoiacha lami mikunjo ikaanza. Mnajua wenyewe ukikimbia sana pikipiki inapita juu juu, lakini Nesi ana chupa zake za dawa, kukimbia hakuna. Basi ilimbidi mzee aumeze kila mkunjo. Nikawa namwona kwa mbali, mabega yamepanda mpaka masikioni. Mara anautoa mkono mmoja, anaukung'uta, anaurudisha. Mara mwingine. Njia nzima hakugeuka kunitazama.

Tulipofika wanawake walishajaa kwenye benchi. "Mbukwenyi!" Nesi akawaamkia Kigogo, wakaitikia wote pamoja. Tabitha alikuwepo, tumbo kubwa, amenitolea macho, maana sikumwambia kama nakuja.

Mzee akashuka polepole. Akataka kuvaa kofia yake, ikamwanguka. Akaiokota, akaipiga vumbi, akajifanya anatazama mawingu.

Nesi akafungua mfuko wake, akatoa vifuniko viwili vya chupa za dawa, akaniashiria. Nikaelewa. Kimoja nikatia oili nzito kutoka kwenye kopo letu la akiba, kingine nikatia ile nyekundu. "Mzee," Nesi akasema, "kabla hujanawa mikono, nipimie hizi."

Mzee akacheka. Huo ndio ulikuwa uwanja wake. Akafumba macho mwenyewe bila kuambiwa, akanyoosha mkono, nikamchovya kidole kwenye kifuniko kimoja. Akasugua. Akasugua tena. Akabadilisha kidole. Halafu kwa ujanja ujanja akaanza kupeleka mkono puani.

"Bila pua, mzee," Nesi akasema. "Tumboni hakuna harufu."

Wanawake wakacheka kidogo, kisha wakaacha. Mzee alikuwa anasugua vidole vyake kama mtu anayetafuta sarafu gizani. Jasho likamtoka kwenye paji la uso. "Hii," akasema, na sauti ilikuwa si yake, "hii ni ya gia boksi."

Akafumbua macho, akaona kidole chekundu.

Hakuna aliyecheka. Angalau mtu mmoja angecheka ingekuwa afadhali. Mzee akasogea mpaka kwenye benchi, wajawazito wakampisha, akakaa katikati yao, anatazama mikono yake pande zote mbili.

"Kila safari?" akamwuliza Nesi.

"Kila safari."

"Na ndiyo mikono unayowashikia hawa?"

"Ndiyo hiyo."

"Astaghafirullah." Kisha akasema bila kunitazama, "Ndahani, toa spana. Na hilo kopo ulilolificha, lete."

Nesi akaingia ndani kuanza kazi yake, na sisi tukaanza yetu hapo hapo nje. Yeye alisema, mimi nilishika, kwa sababu vidole vyake havikufaa. Na alivyosema siku ile ndivyo ninavyowaambia ninyi. Vifuniko vya juu vilegeze pikipiki ikiwa bado chini, halafu ndiyo uinyanyue injini juu ya gogo, gurudumu la mbele lielee. Usiinamie kifuniko unapokitoa, springi iko chini yake. Mwenzetu mmoja, Chigwe, aliwahi kuinamia, akainua kichwa ili apige chafya, Mungu kamnusuru: kifuniko kilipaa kikatoboa bati la gereji. Tundu lile likawa linatuvujia kila masika, na kila likivuja tunasema, "Chafya ya Chigwe hiyo."

Fungua skrubu ya chini, oili itoke. Ilitoka nyeusi, inajivuta, haina haraka. Isukume shokapu juu na chini mpaka iishe kabisa, usije ukamimina mpya juu ya uchafu. Suuza kwa oili mpya kidogo, nayo uimwage. Tazama sili, ule mpira unaozuia oili isivuje, maana mchanga wetu unaukata. Funika kwa kipande cha mpira wa tairi kama huna kifuniko chake. Ndipo umimine. Mimina huku, mimina kule, sukuma polepole hewa itoke. Kisha springi ikiwa nje na shokapu imeshushwa mpaka mwisho, pima kwa njiti ya fagio kutoka juu. Tia alama kwa ukucha. Upande wa pili ufike kwenye alama hiyo hiyo, wala msiniambie "karibu sawa". Zikipishana, pikipiki inavuta upande mmoja na sili inakufa mapema. Na usijaze mpaka juu ukidhani unamsaidia mtu. Ile nafasi ya hewa iliyobaki nayo inafanya kazi.

Nilipokaza kifuniko cha mwisho, mikono yangu ikaenda yenyewe kwenye usukani kubonyeza. Mzee akanipiga kofi mkononi. "Acha! Mwenyewe atapanda."

Ndipo pazia likafunguka, Nesi akaniita. "Ndahani, njoo ndani."

Tabitha alikuwa kitandani. Nesi ameweka mkono mmoja kushoto mwa tumbo, mmoja kulia. "Mtoto amelala mkingamo," akasema. "Kichwa kiko huku ubavuni, na siku zimekaribia. Hawezi kujifungulia hapa. Tunaondoka naye leo, akakae karibu na hospitali."

Nikauliza kwa ujinga wangu, "Una hakika?"

"Leo nina hakika. Leo sikushika usukani."

Mnaona, wanangu? Vidole vya Nesi vilikuwa vizima siku ile kwa sababu vya Mzee Sefu ndivyo vilivyokufa njiani. Nilitoka nje nikamweleza mzee. Alisimama, akaikamata nguzo ya kibaraza. Alikuwa analia. Mimi pia.

Nesi akawamaliza wanawake wote kwanza, hakuruka hata mmoja. Gari hakuna, lori la samaki kutoka Mtera lilishapita alfajiri. Kwa hiyo Tabitha akakalishwa nyuma ya Nesi juu ya mto aliouleta mama, kanga imefungwa kuwashika wote wawili, na mama yangu akatuombea mpaka tukaona tunachelewa. Nesi akaanza kuzunguka kiwanja mara moja kuisikia.

"Inagonga?" mzee akauliza kwa woga.

"Kwenye kile kishimo imegonga. Mikononi hakuna kitu."

"Basi igonge," mzee akasema. "Iache igonge yenyewe."

Tukarudi polepole, wao mbele, mimi na mzee nyuma juu ya ile pikipiki ya gereji, ambayo nayo ilikuwa na oili ya miujiza. Nilikuwa natazama mabega ya Nesi. Yalikaa chini njia yote. Mimi mwenyewe nilifika mjini siwezi kufungua kifungo cha shati.

Mlangoni mwa hospitali, kabla hatujaingia, Nesi alishuka, akashusha stendi, akaweka mikono juu ya tumbo la Tabitha pale pale barazani. Hakuisugua. Hakuomba maji ya moto. Mzee Sefu alikuwa amesogea karibu sana, pumzi ameibana, kama yeye ndiye baba. "Bado amelala vilevile," Nesi akasema. "Kichwa hiki hapa. Na ananipiga teke." Na mzee akasema alhamdulillahi kwa sauti kubwa mpaka mlinzi akaja kututazama.

Walimfanyia Tabitha upasuaji. Akatoka salama, mtoto akatoka salama, wa kike.

Baada ya hapo gereji yetu ikawa na sheria. Hakuna kubonyeza uani. Ukija kuchukua pikipiki, unaipanda mwenyewe mpaka ng'ambo ya reli na kurudi, kwenye mikunjo, ndipo useme. Wateja walilalamika. Wengine walihama, wakaenda kwa mafundi waliowapa chuma chao. Mzee aliwaacha waende. Moja moja, oili nzito yote aliyoitia mwenyewe akaitoa mwenyewe, pikipiki zilizokuja na zile alizozifuata kwa miguu na goti lake bovu. Nesi Mwaja aliendelea na vijiji vyake mpaka alipostaafu. Mzee ametangulia siku nyingi sasa.

Mimi magoti yangu nayo yamekuwa ya mzee, na macho hayaoni tena alama ya ukucha kwenye njiti. Siwezi kuzifuata pikipiki zenu moja moja. Nawaomba tu muanze na ile ya kijana anayemleta binti yangu. Toeni hiyo oili, wekeni inayofaa, pimeni pande zote mbili sawa, halafu msibonyeze. Mpeni apande.

Maana huyo mtoto aliyelala mkingamo ndiye aliyeniangushia chai. Baada yake Tabitha hakuzaa tena. Kikombe tumeshanunua kingine, mtoto tunaye huyo huyo mmoja.